Kidonda kimegoma kupona, daktari anasema ni mawazo

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nina miaka 43 na watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia, anaweza kumaliza wiki tatu bila kufika nyumbani.

Huu ni mwaka wa tatu naishi na mama yangu mzazi. Ana miaka 78. Alikuwa kwake Tukuyu, akaanza kusahau. Mara kaacha sufuria motoni mpaka imeungua, mara kapotea njia ya kutoka sokoni, njia ambayo ameipita maisha yake yote. Ndugu wakakaa kikao wakasema mimi ndiye wa kumchukua kwa sababu niko nyumbani. Sikuwa nyumbani, Shangazi. Nilikuwa na meza ya mitumba Mwanjelwa. Niliiuza.

Mchana tunaenda vizuri. Tabu inaanza jua likielekea kuzama. Mama anachukua kikapu chake, anatia kanga mbili na kikombe cha bati, anavaa kandambili na kusimama mlangoni. Anasema anarudi kwao, mama yake anamsubiri. Bibi alifariki mimi sijazaliwa. Nikimwambia hivyo analia kama ndiyo kwanza anapata taarifa ya msiba. Usiku anaamka mara nne, mara tano. Kiswahili chote kinamtoka, anabaki na Kinyakyusa tu. Anagonga mlango wa chumba chake kwa kiganja, taratibu, anapiga hodi. Anapiga hodi akiwa ndani. Siku hizi hata asipogonga nasikia anagonga.

Mwishoni mwa Juni nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, mundu ukateleza ukanikata mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba. Halikuwa jeraha kubwa. Zahanati walisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, hawakushona. Hii ni wiki ya nane. Kinakaribia kufunga, kinafunguka tena. Usaha hakina, ila pembeni ni pekundu na panauma. Kipindi hichohicho mafua hayaniachi, vidole na magoti vinauma, asubuhi naamka nimekakamaa. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo linawaka.

Nilikwenda hospitali. Malaria hakuna, sukari iko sawa, virusi vya UKIMWI sina, kipimo cha damu kinachoitwa ESR kilisoma 46. Daktari akaniuliza maisha yangu, nikamweleza. Akasema, "Mama, huu ni msongo wa mawazo. Punguza mawazo." Akaniandikia dawa za maumivu, nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Nimekuja na kidonda kinachoonekana kwa macho, naambiwa ni mawazo? Wifi yangu anasema kidonda hiki nimetupiwa, na kuna mtu anamjua. Majirani nao wameanza maneno, maana mama alitoka usiku mara mbili wakamkuta anatembea kwenye migomba ya watu.

La mwisho sijamwambia mtu yeyote. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, alipogonga mara ya nne, nilimshika mkono nikamvuta kwa nguvu, akaangukia kitandani. Asubuhi mkono wake ulikuwa na alama za vidole vyangu. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kaniumiza?" Nikamjibu sijui, mama. Tangu siku ile namfungia kwa kufuli kwa nje, namwachia jiko la mkaa kwa ajili ya baridi, ili nami nilale hata saa mbili.

Kaka yangu yuko Makambako, dada Dar es Salaam, mdogo wangu wa kiume Tunduma. Siwezi kusema hawasaidii. Kila mmoja anatuma 30,000 kwa mwezi, pamoja na maelekezo kwenye grupu la familia.

Swali langu ni moja. Je, ni kweli mawazo yanaweza kuzuia kidonda kisipone, au nimeambiwa hivyo ili niondoke?

Mtunza Mama, Uyole

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako nitalijibu, lakini kwanza inuka ukatoe lile jiko la mkaa chumbani kwa mama. Usingoje kumaliza kusoma. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala haionekani, na mtu aliyelala hufia usingizini bila kukohoa. Huku kwetu nyanda za juu, baridi ya Juni hadi Agosti imewamaliza watu namna hiyo, familia nzima, na nyumba haikuungua hata pazia. Mvalishe soksi na sweta, ongeza blanketi, mtilie maji ya moto kwenye chupa yenye kifuniko imara, uizungushie kitambaa kinene na kuiweka karibu na miguu, isiguse ngozi. Kufuli la nje nalo liondoe leo. Moto ukitokea, nani atakimbilia funguo gizani? Weka komeo kwenye mlango mkubwa wa nyumba, upande wa ndani, juu kabisa karibu na fremu. Wagonjwa wa kusahau wengi hutafuta pale mkono ulipozoea, hawaangalii juu. Mlango wa chumba chake ufungie kijikengele. Akiufungua utasikia, na usiposikia kengele, lala.

Sasa swali lako. Ndiyo, ni kweli. Msongo unachelewesha kidonda kupona, na jambo hili limepimwa kwa milimita na kwa siku.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, wakiongozwa na mwanasaikolojia Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa uleule wa mama yako, kazi ileile unayoifanya wewe. Wakawatafuta wanawake wengine 13 wa umri na kipato kama chao, wasio na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi kwa kifaa cha hospitali, kitundu cha milimita 3.5, chenye upana wa punje ya mtama. Vidonda vikapigwa picha na kufuatiliwa mpaka vikafunga. Wale wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39. Waliokuwa wanauguza walichukua karibu siku 49. Zaidi ya siku 9 za nyongeza, kwa kitundu kile kile, kilichotobolewa na kifaa kile kile.

Soma hesabu hiyo tena ukiwa umeushika mkono wako. Kitundu cha punje ya mtama kiliwachukua karibu wiki saba. Wewe umekatwa na mundu, na mkono huo unaingia kwenye maji ya kufulia mashuka ya mama kila asubuhi. Hukulia kwenye lile benchi kwa kuwa mdhaifu wa akili. Ulichokipeleka hospitali ni kidonda cha kweli, chenye sababu ya kweli, na mtu akaipa sababu hiyo jina bila kukueleza maana yake. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa kwenye chumba cha kufunga vidonda, na naona aibu kwa niaba yetu. "Punguza mawazo" si tiba. Mtu hapunguzi mawazo kama anavyopunguza chumvi.

Ngoja nikueleze mwili unavyofanya, kwa sababu ukielewa hapa utajua cha kuwaambia ndugu zako.

Ngozi ikikatwa, mwili huwasha moto pale pale. Ndiyo ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Madaktari huuita inflamesheni. Chembe nyeupe za damu zinaitwa, zinakuja kula uchafu na vijidudu, kisha zinaita mafundi wa kujenga ngozi mpya. Bila moto huo hakuna kupona. Kazi ikiisha, moto unatakiwa uzimwe, na mzimaji mkuu ni homoni inayoitwa kotisoli, inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hiyohiyo kotisoli ndiyo hupanda mtu akishtuka, akiogopa, akibanwa. Mama akigonga saa nane usiku, moyo wako unadunda na kotisoli inamiminika. Kwa shida ya siku moja hilo ni jambo jema, linakuamsha na kukupa nguvu.

Wewe shida yako si ya siku moja. Ni usiku mamia kwa mamia. Kotisoli ikiitwa kila saa, chembe nyeupe zinaizoea na kuacha kuitii, kama majirani wanaoacha kutoka nje kwa sababu mbwa wa mtu fulani anabweka kila usiku. Mzimaji yupo, anaita, hakuna anayemsikia. Mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walilionyesha hili mwaka 2012. Waliwadondoshea virusi vya mafua puani watu wazima 276 waliojitolea, wakawatenga na kuwaangalia siku tano. Waliokuwa wamepitia shida ya muda mrefu ndio ambao chembe zao zilikuwa zimekuwa nzito kuisikia kotisoli, na hao ndio waliopata mafua zaidi. Kwa hiyo mafua yako yasiyoisha hayakunishangaza.

Utaniuliza: kama msongo unaacha moto uwake, mbona kidonda, ambacho kinahitaji moto, kinachelewa? Umewahi kupita Igurusi ukaona watu wanachoma matofali kwa pumba za mpunga? Zile pumba haziwaki kwa mwali. Zinafuka. Siku tatu, nne, lundo liko kimya, ukiingiza fimbo ndani inatoka inawaka. Mwili wenye msongo wa muda mrefu uko hivyo. Pale kwenye jeraha, ambapo panatakiwa moto mkali wa siku chache, chembe zinachelewa kufika na zinafika chache. Kwenye damu, ambako hapatakiwi moto, pumba zinafuka mwaka hadi mwaka. Jikoni hapachemki, darini kunafuka.

Na huo wa darini ndio unaonitia wasiwasi juu yako kuliko kidonda. Mwaka 2003 Kiecolt-Glaser na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 6 watu waliokuwa wakiwatunza wenzi wao wenye ugonjwa wa kusahau. Walipima kwenye damu protini inayoitwa intalukini-6, moja ya zile zinazochochea huo moto. Kwa waliokuwa wakiuguza, ilipanda kwa kasi karibu mara 4 kuliko kwa wasiouguza, na hata baada ya mgonjwa kufariki, kwa miaka kadhaa kasi haikushuka. Intalukini-6 ikikaa juu muda mrefu huendana na magonjwa ya moyo, kisukari cha ukubwani na mifupa kudhoofika. Sikwambii haya ukose na huo usingizi kidogo ulionao. Nataka siku mtu kwenye familia akisema "wewe si unakaa tu nyumbani", uwe na la kumjibu.

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili. ESR ya 46 sikubali iitwe mawazo. Kipimo hicho ni cha zamani na rahisi: damu inasimamishwa kwenye mrija, wanaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi kwa saa 1. Kwa mwanamke wa umri wako tunatarajia 20 au chini. Moto unaotokana na msongo kwa kawaida ni mdogo, aghalabu ESR haiuoni kabisa. Ikifika 46 kuna kingine cha kutafutwa, hata kama ni kidogo. Rudi hospitali, ikiwezekana umwone daktari mwingine, useme hivi: nina ESR ya juu, kidonda cha wiki nane, na viungo vinakakamaa asubuhi. Kama unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, au unatoka jasho usiku, au nguo zinakupwaya, mwambie, upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Upimwe na wingi wa damu, maana upungufu wa damu peke yake hupandisha ESR na huchelewesha kidonda. Na hesabu asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea. Vikipita saa nzima, wiki baada ya wiki, hasa kama vifundo vimevimba mikono yote miwili, waulize kuhusu baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Ina dawa zake, na kuwahi kunasaidia sana.

Diklofenaki acha. Dawa hiyo ukiimeza kila siku inakwangua utando unaolinda tumbo, na inaumiza figo. Watu wetu wanasema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, lakini visababishi vikubwa ni viwili: dawa za namna hiyo, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kazi yake. Msongo huchangia tu. Omba upimwe huyo bakteria. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Ukiona choo cheusi kama lami, usisubiri kesho. Na duka la dawa wakikupa mchanganyiko wa vidonge kwenye kikaratasi "vya viungo", uliza kama kuna prednisoloni ndani. Hiyo ni ndugu wa kotisoli. Utajisikia mzima siku tatu, na kidonda kitazidi kugoma. Aliyekwisha kuimeza kwa wiki nyingi asiikate ghafla bila daktari.

Kidonda chenyewe kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kifunge kwa kitambaa safi kisichoganda, na nunua glavu za mpira za kufulia. Kula mayai, maharage, dagaa. Kwa wifi yako sina maneno mengi. Mwambie umeshajua kilichokutupia, ni kukosa usingizi miaka mitatu, na hela ya mganga itanunua glavu na mayai.

Sasa tuje kwa ndugu zako. Wanakutumia 90,000 kwa mwezi jumla, na nakubaliana nawe kwamba hawajakutupa. Ila walichotuma sicho unachokikosa zaidi. Unachokosa ni usiku. Hata siku chache tu za kulala kwa muda wa saa nne au tano zinatosha kuamsha ule moto kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya, na wewe umekaa hivyo tangu mama alipofika. Kwa hiyo usiombe hela. Omba usiku, na uombe kwa namna ambayo mtu hawezi kuijibu kwa kidole gumba cha grupu. Andika hivi, badilisha unapotaka:

"Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Hela mnazotuma zinafika na ninashukuru. Mwezi huu nimepimwa, nina kidonda kisichofunga na damu yangu inaonyesha tatizo. Sababu mojawapo ni kwamba sijalala usiku mzima kwa miaka mitatu. Mama anahitaji mtu aliye macho usiku, na mtu mmoja hawezi. Naomba usiku. Kaka, naomba wewe au shemeji mje Uyole wiki moja kila mwezi. Mdogo wangu, Tunduma si mbali, naomba Ijumaa na Jumamosi mara mbili kwa mwezi. Dada, wewe uko mbali, naomba ulipie mama mmoja wa kulala hapa usiku mara mbili kwa wiki, na likizo yako wiki moja uje. Tupigiane Jumapili saa moja jioni tupange tarehe. Nikianguka mimi, mama atahamia kwa nani?"

Angalia nimewaambia waje, sikusema mama apelekwe. Mgonjwa wa kusahau akihamishwahamishwa nyumba anachanganyikiwa zaidi, na atapiga hodi mpaka kuche. Kama kaka atasema hana nafasi, mwombe aje alale usiku mmoja tu kwenye chumba kile, peke yake, wewe ukiwa umelala kwa jirani. Usimsimulie. Alale. Na mumeo pia, hata kama anarudi amechoka na barabara, katika siku anazokuwa nyumbani usiku mmoja ni wake.

Majirani nao ni jambo la haraka, nimeliona ulivyoliandika kwa mstari mmoja tu. Mwanamke mzee anayetembea gizani kwenye migomba ya watu, akizungumza peke yake: unajua na mimi najua anaweza kuitwa nini, na wapo waliodhurika kwa jina hilo. Wiki hii nenda na mama, mchana, amevaa vizuri, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa nyumba zinazokuzunguka. Waambie ana ugonjwa wa ubongo wa kusahau. Waachie namba yako ya simu. Waombe wakimwona usiku wamwamkie, wamshike mkono wamrudishe. Kama mna jumuiya au kanisa, litangazwe na huko. Jirani anayejua jina la ugonjwa hatungi jina lingine.

Mama mwenyewe apelekwe hospitali pia. Kwa umri wake aulizie dirisha la wazee. Mwambie daktari hali yake ya usiku. Wakati mwingine maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mzee hawezi kuyaeleza, ndiyo yanayomzidishia kuchanganyikiwa, na hayo yanatibika. Jioni, kabla jua halijazama, washa taa mapema. Akichukua kikapu, usimwambie bibi alikufa. Kila ukimwambia unamfisha upya. Mwulize kwa Kinyakyusa, kwenu kukoje, mama yako anapika nini leo, kisha chukueni hicho kikapu mzunguke nyumba mara mbili mkiongea na mrudi kula. Anachokitafuta ni usalama wa jioni za utotoni, na unaweza kumpa kidogo bila kufika Tukuyu.

Nimeliacha la mkono wake mpaka hapa kwa sababu sikutaka kulijibu kwa haraka. Ulimuumiza mama yako. Hukukusudia, ulikuwa umefika mwisho, na bado ulimuumiza. Sitakuambia si kitu, usingeniamini. Nitakuambia nilichokiona kwa miaka mingi: watu wanaofika pale ulipofika usiku ule mara nyingi ni wale waliobaki wenyewe na mgonjwa, si wale waliomkimbia. Ndiyo maana usiku mwingine wa namna ile usipite bila mpango. Ukihisi mkono unataka kuvuta, mwache mama aketi kitandani, toka, rudisha mlango, simama uani uhesabu pumzi ishirini kwenye baridi. Atagonga, mwache agonge dakika mbili, hakuna kitakachomdhuru kwenye dakika hizo. Na mweleze mtu mmoja mwenye mwili, si mimi wa gazetini tu. Mwambie dada yako, kwa simu, si kwenye grupu. Na mama akiuliza tena nani alimuumiza, mwambie ni mimi, mama, nilichoka, nisamehe. Inawezekana atasahau kabla hujamaliza sentensi. Wewe hutasahau kwamba ulimwambia.

Kitu kimoja tulikuwa tukikifanya kwenye chumba cha vidonda kabla ya simu za kamera. Leo ukimaliza kuosha, weka karatasi nyepesi karibu na kidonda, uchore ukingo wake kwa kalamu kwa ukubwa uleule, uandike tarehe. Kila Jumapili chora tena, na pembeni andika wiki hiyo umelala usiku mzima mara ngapi. Ukifika mchoro wa nne, nitumie zote.